Motokari inachemka mwezi wa 10: tafuta ugonjwa mbele ya kumwaga maji

Kila mwaka, wakati majani yamekauka na mvua haijafika, koperative za kandokando ya ziwa Tshangalele zinapata taabu moja. Samaki wako tayari, nyanya za bustani za mabondeni ziko tayari, wanunuzi wa Likasi wanangoja. Lakini motokari imesimama njiani, imefunguliwa mbele, na mvuke unatoka. Shoferi amekamata bido, anatafuta kijito. Mama wenye samaki wamekaa chini ya mti, wanahesabu saa. Samaki mbichi hangoji mtu. Nyanya iliyoiva nayo haingoji.

Kwa kawaida ukurasa huu unazungumza juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Lakini mavuno yanayooza njiani ni mavuno yaliyopotea, sawa na yale yaliyoliwa na viwavi. Motokari ya koperative ni chombo cha kazi kama jembe, tena ndicho cha bei kali kuliko vyote. Nyingi kwetu ni za zamani: Hilux ya dizeli, Hiace, Dyna, ambazo zilifika hapa zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kwingine. Safari moja ya kuchemka inaweza kula feza ambazo wanachama walikusanya kwa misimu miwili. Kwa hiyo tuone namna ya kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kuanzia kitu kisicho na bei mpaka kitu cha bei kali.

Joto linafunua ugonjwa, haliuleti

Ukiuliza mashoferi, wengi watakujibu: "Ni jua to. Mwezi wa 10 mutoka yote inachemuka." Si hivyo. Hilux kama ile ya kwenu inafanya kazi katika nchi za Ghuba, kule joto linapita digri 45, na haisimami. Jua la kwetu halifiki huko. Kama motokari yako inachemka, iko na ugonjwa ambao ulikuwa ndani tangu zamani, na jua limeuonyesha tu.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Radiatere inatoa joto la maji ya motere na kulipa upepo. Nguvu yake inatoka katika tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa. Tuseme maji ya motere yako kwenye digri 90. Asubuhi ya mwezi wa 6, hewa ikiwa digri 15, tofauti ni 75. Mwezi wa 10, saa nane ya mchana, hewa ikifika digri 35, tofauti inabaki 55. Ni radiatere ileile, motere ileile, mzigo uleule, lakini radiatere imepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake.

Radiatere nzima iko na akiba, haitasikia kitu. Radiatere ambayo mirija yake imeziba kwa sehemu kubwa haina akiba tena. Kipindi chote cha baridi itaonekana nzima. Siku ya kwanza ya joto kali na magunia mengi, mshale unapanda.

Mkulima anajua jambo hili. Jani la muhindi likijikunja saa saba ya mchana na kufunguka jioni, ni jua tu. Likiwa limejikunja hata asubuhi, taabu ni kubwa zaidi: udongo umekauka sana, ao kuna ugonjwa kwenye mizizi, na hapo kumwaga maji peke yake hakutaponya. Kwa muhindi tunauliza kwanza: linajikunja saa ngapi? Kwa motokari tuulize vilevile.

Uliza: inachemka wakati gani?

Mbele ya kuita fundi, shoferi aandike kwenye daftari mshale ulipanda wakati gani. Majibu yako matano, na kila jibu linaonyesha njia yake.

*Inachemka ikisimama au ikienda polepole.* Kwa mfano sokoni, ao kwenye mashimo ya barabara ya udongo. Ukipata mwendo mzuri mshale unashuka. Hapo upepo ndio unakosa: angalia vantilatere na kurua.

*Inachemka kwenye mlima na mzigo, ao mwendo mrefu.* Kwenye tambarare iko sawa. Hapo motere inatoa joto jingi kuliko radiatere inaweza kubeba: radiatere imeziba, ndani ao nje, tiyo ya chini inajikunja, ao pompi ya maji imechoka. Ukiona pia moshi mweusi na nguvu kidogo, angalia filtre ya hewa, kisha umwambie fundi apime pompi ya mafuta.

*Inachemka dakika chache tu kisha kuwashwa, mbele ya kufika mbali.* Maji hayamo, ao termostati imekwama ikiwa imefungwa, ao jwe ya kilasi imeungua.

*Mshale unapanda na kushuka ovyo.* Mara nyingi hewa imeingia ndani, ao maji ni pungufu.

*Maji yanapungua kila siku, lakini chini hakuna hata tone.* Ni bushoni inayotoa mvuke njiani, ao maji yanaingia ndani ya motere. Usilale na swali hili.

Anayejua saa ya ugonjwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi. Anayesema tu "inachemka" atauziwa piesi moja kisha nyingine, mpaka feza ya koperative iishe na ugonjwa ubaki.

Bushoni: kitu kidogo, kazi kubwa

Sisi tunakaa juu. Ziwa letu liko zaidi ya metre 1,100 juu ya bahari, na Likasi iko juu zaidi. Kwa urefu huu hewa inakandamiza kidogo, na maji hayangoji digri 100 ili yachemke. Sufuria ya kwetu inachemka kwenye digri 96 hivi. Motere ya dizeli, ikiwa nzima kabisa, inafanya kazi kati ya digri 80 na 95. Mnaona namna nafasi ni ndogo.

Bushoni ya radiatere ndiyo inaongeza nafasi hiyo. Ndani yake kuna ressort na mpira vinavyofunga maji kwa nguvu. Kwa juu utasoma namba, mara nyingi 0.9. Bushoni ya 0.9 ikiwa nzima, maji ya radiatere kwa urefu wetu yatachemka karibu na digri 115. Mpira ukiwa umepasuka, ressort ikiwa imelegea, ao mtu akiwa ameweka kitambaa na mfuko wa plastiki fasi ya bushoni, tunarudi kwenye digri 96. Motere ambayo si mgonjwa itatoa mvuke kwenye mlima wa kwanza, na watu watasema imekufa.

Basi, kitu cha kwanza cha kuangalia ni kile cha bei ndogo kuliko vyote. Motere ikiwa baridi, toa bushoni, geuza, angalia mpira. Ukiwa mgumu, umepasuka ao umekwisha kukatika kando, nunua nyingine yenye namba ileile. Usinunue yenye namba kubwa zaidi ukiwaza itasaidia zaidi: tiyo za zamani zitapasuka.

Neno moja la uzima wa watu: usifungue bushoni motere ikiwa ya moto. Maji yale yako juu ya digri 100 na yamefungwa. Ukifungua, yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Ngoja mpaka tiyo ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Hiyo ni nusu saa ao zaidi. Kisha tia kitambaa kizito, zungusha polepole mpaka kituo cha kwanza, acha ipumue, ndipo utoe.

Ukaguzi wa asubuhi, motere ikiwa baridi

Kazi hizi hazihitaji fundi. Shoferi na mtu mmoja wa kamati wanaweza kuzimaliza kwa saa moja.

1. Maji. Fungua radiatere yenyewe, usiangalie tu bidoni ndogo ya pembeni. Bidoni inaweza kujaa na radiatere ikawa pungufu, hasa bushoni ikiwa mbovu. Angalia pia rangi. Maji mekundu kama udongo yanaonyesha kutu. Maji yenye mafuta juu yake ni habari mbaya, tutaisema mbele.

2. Mafuta ya motere. Vuta kijiti. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe motere tena.

3. Radiatere kwa nje. Simama mbele yake na mwanga wa jua nyuma yako. Kipindi cha kiangazi vumbi, majivu ya moto wa pori, mbegu za majani na wadudu vinajaza nafasi kati ya vibati vyake. Osha kwa maji ya nguvu kidogo, kutoka upande wa motere kwenda mbele, ili uchafu urudi kule ulikoingilia. Nguvu nyingi zinalaza vibati, na kibati kilicholala kinafunga upepo.

4. Kurua. Kandamiza kwa kidole gumba katikati ya pulii mbili. Ikiingia karibu santimetre moja, ni vizuri. Ikiingia sana, inateleza, na pompi na vantilatere vinazunguka pungufu. Geuza uone upande wa ndani: ikiwa inang'aa kama kioo ao imepasukapasuka, badilisha.

5. Vantilatere. Kwa Hilux nyingi inashikwa na kichwa cha mviringo chenye mafuta mazito ndani. Motere ikiwa imezimwa, sukuma bawa kwa mkono. Lazima uisikie ikikataa kidogo. Ikizunguka yenyewe bure kama baisikeli, ao ukiona mafuta yamevuja kwenye kichwa kile, imechoka. Angalia pia kama sanduku la plastiki linalozunguka vantilatere bado liko. Wengi wanalitoa ili fundi apate nafasi, kisha halirudi. Bila sanduku lile, vantilatere inavuta hewa ya kandokando badala ya hewa inayopita ndani ya radiatere.

6. Pompi ya maji. Chini yake kuna tundu dogo. Alama nyeupe ao ya kutu inayoshuka kutoka tundu hilo inaonyesha pompi inavuja. Shika pulii na uitikise: ikicheza, pompi inaelekea kufa.

7. Tiyo. Bonyeza zote. Ikiwa laini kama ndizi iliyoiva sana, ao ngumu hata inapasuka, badilisha. Tiyo ya chini mara nyingi iko na ressort ndani. Ikikosa, pompi inavuta na tiyo inajikunja wakati motere inakimbia, maji hayapiti. Mwambie mtu akanyage petrole kidogo huku wewe ukiangalia tiyo ile kwa macho, bila kugusa kurua.

Kisha ukaguzi huu, washa motere. Ikipata moto vizuri, zima, toa funguo, pitisha mkono mbele ya radiatere bila kuigusa. Ukisikia fasi fulani ni baridi na nyingine inachoma, mirija ya fasi ile ya baridi imeziba kwa ndani.

Usitupe termostati

Mtu akisema motokari inachemka, shauri la kwanza garajini ni: "Tosha termostati." Ni desturi, lakini si dawa.

Termostati ni mlango mdogo kati ya motere na radiatere. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, motere inapata moto haraka. Maji yakifika joto fulani, mlango unafunguka. Motere nyingi ziko pia na njia ya mkato inayorudisha maji kwenye motere bila kupita kwenye radiatere, na termostati, wakati inafungua mlango mkubwa, inafunga ile njia ya mkato kwa kisahani chake cha chini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yanaenda huko bila kupoa, sawa na mufereji wa bustani uliotobolewa juu: matuta ya chini hayapati kitu. Kwa hiyo motokari isiyo na termostati inaweza kuchemka zaidi kwenye mlima, na asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 itaenda baridi, itakula mafuta mengi na kuchakaa haraka.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Tia termostati ndani ya sufuria ya maji, ifunge kwa kamba isiguse chini, washa makala. Juu yake iko namba kama 82 ao 88: ndiyo digri ambayo inaanza kufunguka. Ikianza kufunguka mbele maji hayajachemka, iko hai. Ikibaki imefungwa wakati maji yanachemka, imekufa. Lakini ujue hili: termostati inahitaji zaidi ya digri kumi kisha ile namba ili ifunguke yote. Maji ya sufuria ya kwetu yanakomea kwenye digri 96, basi ile ya 88 haitamaliza kufunguka mbele ya macho yako. Usiihukumu kwa hilo. Kuanza kufunguka kunatosha.

Maji gani ndani ya radiatere?

Hapa ndipo motokari za eneo letu zinauawa polepole. Tunatia maji yoyote: ya kisima, ya kijito, ya ziwa.

Nchi ya Likasi iko na mawe ya chokaa mengi. Watu wote wanajua Kakontwe, na wanajiolojia wamelipa tabaka zima la mawe ya chokaa jina la Kakontwe. Maji yanayopita katika mawe hayo yanabeba chokaa. Angalia ndani ya sufuria ao birika unayochemshia maji ya kisima kila siku: ile ganda nyeupe chini yake ndiyo inakaa ndani ya mirija ya radiatere yako. Mirija ile ni myembamba. Ganda kidogo tu linazuia joto lisitoke, na kila litre mpya unayoongeza inaleta chokaa mpya. Motokari inayovuja na kuongezewa maji ya kisima kila siku inajijengea ukuta ndani.

Maji ya ziwa nayo si bora. Ziwa Tshangalele lilitengenezwa na barrage ya Mwadingusha kwenye Lufira, karibu miaka mia iliyopita, na linapokea mito inayotoka upande wa viwanda vya madini vya Likasi. Watafiti wamekuta mabaki ya madini katika maji na udongo wake. Maji yenye chumvi za madini yanakula aliminiumu, na kilasi za motere nyingi ni za aliminiumu.

Maji ya mvua ndiyo mazuri kwetu. Msimu ukianza, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, chuja kwa kitambaa, funga bidoni tano ao sita na uandike juu yake "RADIATERE". Zitatosha mwaka mzima.

Bora zaidi, changanya nusu kwa nusu na likidi ya radiatere. Wengi wanawaza likidi ile ni ya nchi za baridi peke yake. Inazuia maji yasigande, ni kweli, lakini pia inazuia kutu na ganda, na inapandisha digri ya kuchemka. Ni bei, lakini inakaa ndani miaka miwili hivi kama hakuna kinachovuja. Ni sumu na ina ladha tamu: usiiache karibu na watoto, mbuzi ao mbwa, na usiimwage kwenye ziwa ao kijito.

Kuosha kwa ndani: toa maji yote ya zamani, tia maji safi, washa mpaka ipate moto, ngoja ipoe, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Kama ganda ni nene, peleka kwa fundi wa radiatere. Zile za zamani za shaba zinaweza kufunguliwa, kusafishwa kwa fimbo na kuunganishwa tena. Usitie asidi ya batri: itakula mpaka chuma. Usitie yai, pili-pili wala majivu ili kuziba tundu: vinaziba tundu moja la nje na mirija kumi ya ndani.

Mshale ukipanda njiani

Ukiona mshale unapita fasi yake ya kila siku, usingoje ufike pa nyekundu. Rudisha vitesi, punguza mwendo. Fungua shofaji mpaka mwisho na vantilatere yake: ni radiatere ndogo ya pili, itawachoma ninyi lakini itaipumzisha motere.

Ukiendelea kupanda, simama kivulini, mbele ikiangalia upepo. Kama hakuna mvuke na maji hayamwagiki, acha motere inguruma polepole dakika chache: pompi inaendelea kuzungusha maji, na mara nyingi mshale unashuka. Kama mvuke unatoka, tiyo imepasuka ao kurua imekatika, zima mara moja.

Mshale ukianguka ghafla kwenye baridi wakati motere inanuka moto, usifurahi. Kile kipimo kinahitaji kukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinapima mvuke na kinadanganya. Zima.

Motere ikipoa, ongeza maji kidogo kidogo, motere ikiwa imewashwa. Maji baridi ya kijito kwenye motere ya moto yanapasua kilasi. Hapo ndipo taabu ya bido moja ya maji inageuka taabu ya motere mzima.

Jwe ya kilasi: hapa feza inaamua

Kilasi ni kichwa cha motere. Jwe ni ile karatasi ya chuma kati ya kilasi na bloki. Motere ikipata moto kupita kiasi, kilasi inapinda ao inapasuka, jwe inaungua. Motere 2L za Toyota, ambazo ziko nyingi katika Hilux za dizeli za zamani, zinajulikana kwa kupasuka kilasi zikichemka.

Alama zake: ukitoa bushoni motere ikiwa baridi na kuwasha, mapovu yanapanda bila kukoma. Tiyo ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja ao mbili tu kisha kuwasha, wakati maji bado ni baridi. Moshi mweupe hauishi hata motere ikiwa ya moto. Mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, ao radiatere iko na mafuta juu.

Ukiona moja ya hizi, usikubali fundi abadilishe jwe peke yake. Kilasi ipelekwe Likasi ao Lubumbashi ipimwe kama imepinda ao imepasuka, isawazishwe mbele ya kurudishwa. Jwe mpya juu ya kilasi iliyopinda haimalizi msimu. Tena tafuta ile sababu ya kwanza. Jwe haiungui yenyewe: kulikuwa bushoni, ao kurua, ao radiatere. Usipoirekebisha, utanunua jwe mara ya pili.

Nani ana ruhusa ya kusimamisha motokari?

Tumesema juu ya piesi. Tumalize na watu, kwa sababu motere nyingi zinakufa kwa maneno.

Shoferi anaona mshale. Anajua. Lakini nyuma kuna mama kumi na samaki wao, pembeni yake kuna mtu wa kamati, na mtu anasema: "Songa to, papa, tunafika sasa hivi. Ukisimama hapa samaki inaoza, utalipa weye?" Shoferi anawaza deni, anakanyaga. Kilometre tano mbele kilasi inapasuka. Samaki wanaoza vilevile, na juu yake koperative haina motokari mpaka msimu ujao.

Hesabu yake haihitaji masomo. Mzigo mmoja wa samaki unapotea mara moja, na wanaweza bado kukaushwa ao kuuzwa kijijini kwa bei ya chini. Motere ikifa, mizigo yote inayofuata inapotea pamoja nayo.

Kwa hiyo, katika mkutano wenu mbele ya mwezi wa 9, kamati iandike kanuni tatu kwenye daftari na wanachama waikubali. Ya kwanza: ukaguzi wa asubuhi kila juma, na jina la aliyeufanya. Ya pili: bidoni mbili za maji ya mvua na kurua moja ya akiba zisitoke ndani ya motokari. Ya tatu, ndiyo kubwa: shoferi aliyesimama kwa sababu ya mshale hana deni kwa mtu yeyote, hata mzigo ukiharibika. Aliyemlazimisha kuendelea ndiye atajibu.

Kanuni hii ya tatu haina bei, na inalinda motere kuliko piesi yoyote mtakayonunua.